Mavyaa anakuja Machi na simu inasema theluji: tubadilishe tiketi?

Swali: Nimetoka Mombasa, sasa naishi Minneapolis, Minnesota, na huu ndio msimu wangu wa kwanza wa baridi. Mavyaa wangu anafika wiki ya kwanza ya Machi, na hajawahi kutoka nje ya Kenya. Simu yangu inaonyesha baridi kali siku kumi mfululizo, theluji ya inchi nane na dhoruba. Jana ilisema inchi tatu, juzi ilisema jua. Mume wangu anasema Februari ikiisha baridi nayo imeisha, na kweli siku hizi jua linachoma dirishani. Nimsadiki nani, simu au mume? Tubadilishe tiketi? Na umeme ukikatika, jiko letu la makaa la kuchomea nyama linaweza kupasha chumba?

Jibu: Dada yangu, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye mauti ndani yake. Jiko la makaa lisivuke kizingiti cha mlango. Lisiingie chumbani, wala jikoni, wala gereji hata kama mlango wa gereji umeachwa wazi. Makaa yaliyokolea, yale mekundu yasiyo na moshi ambayo mtu huyaona ni salama, bado yanatoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu anavuta pumzi kama kawaida huku mwili wake unakosa hewa. Kichwa kinamuuma, analegea, anadhani ni uchovu wa zamu ya usiku, anajilaza. Nyumbani tunasikia misiba ya namna hii Juni na Julai, baridi inaposhika nyanda za juu, na hizo ni nyumba ambazo mara nyingi zina mianya chini ya bati. Nyumba za Minnesota zimezibwa kila ufa ili joto lisitoke, na sumu nayo haipati pa kutokea.

Texas ililiona hili Februari 2021. Baridi ya Aktiki ilishuka hadi Ghuba ya Meksiko, mitambo ya umeme ikazidiwa, na nyumba zaidi ya milioni 4.5 zikakaa gizani. Hesabu rasmi ya jimbo ni watu 246 waliokufa. Wengi wao waliuawa na baridi yenyewe, lakini wapo waliouawa na majiko ya makaa yaliyoingizwa ndani, jenereta zilizowekwa karibu na dirisha, na magari yaliyowashwa gereji ili watoto wapate joto. Oveni ya gesi iliyoachwa wazi ina hatari hiyohiyo. Sheria ya Minnesota inataka kengele ya kaboni monoksidi iwepo ndani ya futi kumi, yaani mita tatu, kutoka kila chumba cha kulala. Leo hii nenda kabonyeze kitufe chake cha majaribio. Kama hailii, badilisha betri. Kama haipo, mdai mwenye nyumba.

Umeme ukikatika, kusanyikeni chumba kimoja, kidogo, kisichokuwa na madirisha mengi. Zibeni chini ya mlango kwa taulo, shusheni mapazia jua likitua, laleni karibu karibu. Acheni bomba lidondoshe maji kidogo kidogo ili mifereji isigande ikapasuka. Usitegemee kwamba hita yenu ni ya gesi, maana feni yake na kiwashio chake vinahitaji umeme. Baridi ikizidi, piga 211 uulize mahali pa kwenda kuota joto, na mtu akizidiwa, 911 bila kungoja asubuhi. Nyumba ya kupanga kwa sheria ya jimbo inatakiwa ipashwe hadi nyuzi 68 za Farenhaiti, sawa na 20 za Selsiasi, kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka 30 Aprili. Katika miezi hiyohiyo kampuni haiwezi kukukatia huduma ya kupasha nyumba kwa sababu ya deni, ilimradi umepatana nayo namna ya kulipa na unalipa kama mlivyopatana. Wageni wengi hawalijui hili, wanaona haya kupiga simu.

Sasa tuje kwa mume wako. Hakosei kuhusu jua. Mwishoni mwa Februari jua la Minneapolis saa sita mchana lina urefu uleule angani kama la katikati ya Oktoba, na siku ina saa 11 za mwanga. Kosa lake ni kudhani kwamba joto la hewa linafuata jua siku hiyohiyo. Theluji mpya hurudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoiangukia, hivyo sehemu kubwa ya jua mnayoiona inapiga ardhi na kuondoka. Usiku, anga likiwa safi na upepo umetulia, theluji hiyohiyo hutoa joto lake haraka, na kipimajoto kinaporomoka. Ndiyo maana unachomwa dirishani saa nane mchana, na saa kumi na mbili asubuhi inayofuata gari haliwaki.

Na hayo ni ya pale mlipo tu. Hewa itakayowafikia wiki ijayo inatoka mbali zaidi. Huko kwenye ncha ya kaskazini jua halijachomoza tangu Septemba na halitachomoza mpaka karibu tarehe 20 Machi, na barafu ya Bahari ya Aktiki hufikia upana wake mkubwa kuliko wakati wowote mwezi huohuo wa Machi. Kwa maneno mengine, ghala la baridi limejaa pomoni wakati ambapo upande wa kusini, kuanzia Texas mpaka Ghuba ya Meksiko, umeshaanza kupata joto na unyevu. Dhoruba hupata nguvu zake kutokana na tofauti hiyo ya joto kati ya kaskazini na kusini. Januari kote ni baridi, hewa ni kavu, na theluji nyingi ni ya kunyunyiza. Machi pande mbili zisizofanana zinakaribiana, na mgandamizo mdogo wa hewa ukipita katikati yao unajijenga kwa kasi.

Msomee historia. Tarehe 1 Machi 1962 Minneapolis ilipima nyuzi 32 za Farenhaiti chini ya sifuri, karibu 36 za Selsiasi chini ya sifuri. Februari 2019 ilimwaga theluji ya inchi 39, karibu mita moja, na haijapata kutokea Februari yenye theluji nyingi kama hiyo tangu jiji lianze kuweka kumbukumbu. Katikati ya Aprili 2018, watu wameshaweka makoleo stoo, dhoruba ya siku tatu iliangusha karibu sentimita 40 kwenye uwanja wa ndege. Si Marekani peke yake. Mwaka huohuo wa 2018 ndugu zetu walioko Uingereza waliingia Machi na hewa ya Siberia iliyofunga shule na barabara, London ikiwemo. Kwa hiyo Februari kwisha si hoja. Minneapolis hupata wastani wa sentimita 20 za theluji mwezi wa Machi.

Lakini simu nayo usiisadiki kama unavyofanya.

Inchi nane unazoziona hazikuandikwa na mtabiri aliyekaa akatazama ramani. Programu nyingi za simu huchukua namba moja kwa moja kutoka kwenye hesabu za kompyuta. Mfumo wa Marekani hupiga hesabu upya kila baada ya saa sita, na kila hesabu mpya ikifika, namba kwenye simu inabadilika. Jana inchi tatu, leo nane, kesho huenda moja. Dhoruba ya siku ya nane au ya tisa bado iko juu ya Bahari ya Pasifiki, au haijazaliwa. Kosa dogo la kuipima leo hukua kila siku inayopita, jambo ambalo Edward Lorenz alilionyesha kwa hesabu mwaka 1963, na tangu hapo inajulikana kwamba utabiri wa siku kwa siku una ukomo wa takriban wiki mbili. NOAA, taasisi mama ya idara ya hali ya hewa ya Marekani, yenyewe inaeleza kwamba utabiri wa siku tano huwa sahihi karibu mara 9 kati ya 10, wa siku saba mara 8, na wa siku kumi au zaidi karibu nusu tu. Kwa theluji hali ni ngumu zaidi kuliko kwa joto. Njia ya dhoruba ikisogea kilomita 100 kusini, Minneapolis inakosa kila kitu na Iowa, jimbo la kusini yenu, inafukiwa. Ikisogea kaskazini, mnapata mvua inayoganda.

Watabiri wenyewe hawaitegemei hesabu moja. Kituo cha Ulaya hupiga hesabu 51 kwa pamoja, kila moja ikianza na tofauti ndogo, na Marekani hupiga 31. Kama 40 kati ya 51 zinaleta dhoruba Jumatano, hapo kuna neno. Kama ni 8, simu yako huenda imekuonyesha mojawapo ya hizo 8. Kwa hiyo futa mazoea ya kuangalia alama ya theluji ya siku ya tisa. Fungua ukurasa wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa, weather.gov, andika jina la mji wako, usome maelezo ya ofisi ya Chanhassen, ambayo ndiyo inayohudumia Minneapolis. Watabiri huko huandika kwa maneno yao kila siku: wana uhakika kiasi gani, kinachowatatiza ni nini, dhoruba imefika wapi. Kiingereza chake kina ufundi kidogo lakini utakizoea baada ya wiki. Jambo la kungojea ni dhoruba ifike nchi kavu upande wa magharibi, siku mbili tatu kabla ya kuwafikia nyinyi. Hapo maputo ya vipimo, yanayorushwa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni kwa saa zenu za majira ya baridi, huipima moja kwa moja, na namba zinaanza kutulia.

Mbali na utabiri wa siku, kuna mwelekeo wa muda mrefu, kama ule wa masika na vuli tuliouzoea kusikia nyumbani. Hapo Marekani hutolewa kwa siku 6 hadi 10, siku 8 hadi 14, wiki ya tatu na ya nne, kisha mwezi na miezi mitatu. Ramani yake ina rangi za buluu na nyekundu, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Buluu yenye asilimia 50 haisemi kwamba kutakuwa na baridi kali. Inasema kwamba uwezekano wa kuwa chini ya wastani ni 50 kati ya 100, ambapo bila dalili yoyote ungekuwa 33, kwa kuwa makundi ni matatu: chini, karibu na wastani, na juu. Rangi ikikolea, uhakika umeongezeka. Ukali wa baridi haumo kwenye rangi. Mwanzoni mwa Machi wastani wenu ni nyuzi 2 hivi za Selsiasi mchana na 7 chini ya sifuri usiku, basi hata nyuzi 4 chini ya sifuri mchana zitahesabiwa kuwa chini ya wastani, na hiyo ni siku ambayo mwenyeji wa Minnesota anatoka na jaketi halijafungwa zipu.

Huo mwelekeo hautoki hewani tu. Mara nyingine dalili hutoka juu sana, kwenye stratosfia, kilomita 10 hadi 50 kutoka ardhini, ambako msimu wa baridi pepo kali huizunguka ncha ya kaskazini na kuifungia baridi ndani. Baadhi ya miaka mzunguko huo hupigwa na mawimbi ya hewa kutoka chini, hewa ya huko juu ikapata joto ghafla kwa makumi ya nyuzi ndani ya siku chache, na mzunguko ukavunjika au kugawanyika. Wa kwanza kuliona tukio hilo alikuwa Richard Scherhag, Berlin, mwaka 1952. Mzunguko ukivunjika, baridi huweza kumwagikia kusini wiki mbili tatu baadaye, na athari zikaendelea kwa mwezi na zaidi. Mzunguko ulivunjika katikati ya Februari 2018, Uingereza ikaganda mwishoni mwa mwezi. Ulivunjika tena mwanzoni mwa Januari 2021, na wiki tano hivi baadaye ikaja baridi ile ya Texas. Hata hivyo haieleweki mapema ni nani atakayemwagikiwa, Ulaya, Asia au Amerika, kwa hiyo vichwa vya habari vinavyopiga kelele kila mzunguko unapoyumba huwa vimetangulia mbele ya ushahidi.

Dalili nyingine itakufurahisha kwa kuwa mara nyingi inaanzia kwetu. Kuna kundi kubwa la mawingu ya mvua linalosafiri kandokando ya ikweta kutoka magharibi kwenda mashariki, likichipuka mara kwa mara katika Bahari ya Hindi, na kurudia safari yake baada ya siku 30 hadi 60. Roland Madden na Paul Julian walilieleza mwaka 1971 na ndio linaloitwa kwa majina yao. Likiwa magharibi mwa Bahari ya Hindi, mvua za Afrika Mashariki huongezeka. Kisha huvuka Indonesia, na likitokeza katikati ya Pasifiki, joto linaloachiliwa na mawingu yake huupinda mkondo wa upepo wa juu, na uwezekano wa baridi katika nusu ya mashariki ya Amerika Kaskazini hupanda. Kwa hiyo mawingu yaliyolowesha Mombasa au Dar es Salaam yanaweza, baada ya mwezi hivi, kuwa miongoni mwa sababu za wewe kuvaa soksi mbili. Watabiri wa wiki ya tatu na ya nne hulifuatilia kila siku.

Tukirudi kwenye simu yako: imekuandikia baridi kali na theluji nyingi pamoja, nawe umeyaona kama balaa moja. Mara nyingi hayaji kwa pamoja, yanafuatana. Hewa yenye baridi kali sana haiwezi kubeba unyevu mwingi. Theluji nyingi huanguka nyuzi zikiwa karibu na sifuri ya Selsiasi. Utaona siku moja ya mawingu mazito na joto la kudanganya, kisha theluji nzito, kisha upepo unageuka na kutoka kaskazini magharibi, mawingu yanafunguka, na usiku unaofuata ndio wenye baridi ya kuuma. Watu hutoka nje baada ya theluji kukoma wakidhani shari imepita, na huo ndio wakati mbaya zaidi kwa ngozi.

Upepo ndio unaoamua. Kipimajoto kikisoma sifuri ya Farenhaiti, yaani nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, na upepo ukawa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 28 chini ya sifuri, na inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Kipimo kikishuka hadi nyuzi 26 chini ya sifuri kwa upepo uleule, muda huo unapungua kuwa dakika kumi. Januari 30, 2019, Minneapolis ilisoma nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri, na ukiongeza upepo ilikuwa kama 47. (Simu ikikuchanganya kati ya vipimo viwili, kumbuka kwamba 40 chini ya sifuri ni ileile katika vyote.) Dhoruba kamili ya theluji nayo, kwa kanuni za Marekani, haipimwi kwa inchi. Ni upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi na macho kutoona mbele zaidi ya mita 400, kwa saa tatu mfululizo. Inaweza kutokea anga likiwa buluu kabisa, theluji ya juzi ikipeperushwa kutoka mashambani hadi barabara kuu.

Ngozi ya mtu mweusi ikianza kuganda haiwi nyekundu kama picha za vijitabu zinavyoonyesha. Hupauka, hugeuka kijivu, huwa ngumu, na mwenyewe hasikii kitu. Angalia ncha za vidole, masikio, pua na mashavu. Usisugue, usisogeze kwenye moto. Tia kwenye maji ya uvuguvugu, na kama hisia hazirudi, nenda hospitali.

Mavyaa anatoka kwenye joto la kaskazi, nyuzi 32 au 33, na atashuka mlangoni mwenu siku inayofuata. Mpelekeeni koti, buti, soksi za sufu na glavu hadi ndani ya jengo la uwanja wa ndege, avae kabla mlango haujafunguka. Glavu za mfuko mmoja kwa vidole vinne zina joto kuliko zenye vidole mbalimbali. Kama anavaa buibui, pindo lipandishwe, kwani likiburura thelujini hulowa, likaganda, likamtega miguu. Suruali nzito ya ndani ichukue kazi ya kumsitiri na baridi. Kofia ya sufu juu ya mtandio ni sawa kabisa. Leso za pamba abebe za kuvaa ndani, nje hazitamsaidia. Baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha presha, basi wiki ya kwanza apimwe mara kwa mara. Na koleo la theluji asishike, hata akisema yeye amelima. Theluji ya Januari ni nyepesi, inchi 20 zake zinaweza kutoa inchi moja tu ya maji. Ya Machi, inchi tano au sita zinatosha kutoa kiasi hichohicho, na kila mwaka watu hushikwa na moyo wakiichota.

Kinachomtisha mtu mzima Machi kuliko dhoruba ni maji. Mchana theluji inayeyuka, inatiririka njiani, usiku inaganda kuwa kioo kisichoonekana. Asitembee kabla ya jua kupanda, apige hatua fupi, unyayo mzima chini, mikono nje ya mifuko. Chumvi ya kawaida mnayomwaga ngazini huacha kufanya kazi vizuri sakafu ikishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri. Hapo nunueni ile ya kalsiamu, au mmwage mchanga tu.

Mume naye, kama gari linalala barabarani, ajue kanuni za Minneapolis za dharura ya theluji, maana bredauni, magari ya kuvuta magari mengine, hayangoji mgeni apokewe. Dharura ikitangazwa, siku ya kwanza kuanzia saa tatu usiku mpaka saa mbili asubuhi hakuna kuegesha kwenye barabara zilizowekwa alama ya dharura, pande zote mbili. Siku ya pili, saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, ni marufuku upande wenye namba za nyumba shufwa kwenye barabara nyingine, na pande zote za zile barabara za bustani. Siku ya tatu, saa hizohizo, ni zamu ya upande wa witiri. Mkihamia kitongoji cha jirani, kanuni ni nyingine, ulizeni.

Kuhusu tiketi: msibadilishe leo. Kubadilisha kwa sababu ya namba ya siku ya tisa ni kulipa faini kukimbia kitu ambacho nusu ya wakati hakiji, na wiki mtakayoihamishia huenda ndiyo yenye dhoruba. Uwanja wa Minneapolis umezoea theluji, na mara nyingi husafisha njia zake na kuendelea. Wasiwasi wangu uko mahali pa kubadilishia ndege. Tazama kama anapitia Chicago, New York au mji mwingine wa Marekani, kisha fuatilia utabiri wa mji huo kama unavyofuatilia wa kwenu. Ikibaki siku tano, anza kusoma maelezo ya watabiri asubuhi na jioni. Ikibaki siku mbili au tatu, kama idara imetoa angalizo au onyo la dhoruba kwa mji mmojawapo, mashirika ya ndege mara nyingi huruhusu abiria kusogeza safari bila faini. Hapo ndipo mpige simu, na mpige mapema kabla viti vya siku inayofuata havijaisha. Ombeni pia msaada wa kiti cha magurudumu hata kama miguu yake ni mizima, kwa sababu anayesukuma kiti anajua lango la pili liko wapi na atamfikisha. Dawa zake za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, na ziwe za siku kadhaa za ziada, kwani akilazimika kulala njiani sanduku lake linaweza kuwa limeshatangulia Minneapolis.